Gari Lilipokosa Pumzi

Wiki jana tulimwacha Ishaka kwenye barabara ya Kisauni, mguu umekanyaga mafuta mpaka mwisho na gari linatambaa kama mgonjwa anayekwenda msalani. Kwa mgeni aliyefungua ukurasa huu leo nitaeleza upesi, maana mwenzetu hana wakati wa kupoteza.

Ishaka ni karani wa kampuni moja ya kutoa mizigo pale Kipevu. Kwao ni Bofu, Likoni, kwenye shamba ambalo babake alilima, akazeeka na akazikwa. Jirani yao Kibwana amewashtaki. Anadai shamba ni la ukoo wake, na kwamba babake Ishaka alikaribishwa tu pale akalima. Ishaka akishindwa, mamake, dada zake na watoto wao watatolewa nje na nyumba zibomolewe.

Karatasi hawana. Wana mtu mmoja tu aliye hai, Mzee Tsuma, rafiki wa marehemu, ambaye miaka yote amekuwa akisema alikuwapo shamba lilipouzwa. Mzee huyu anakaa kwa binti yake huko Kiembeni. Nyonga imevunjika, kutembea hawezi. Na hakimu alikwisha sema: leo saa tatu asubuhi shahidi aletwe, asipoletwa hukumu itatolewa bila yeye.

Ndiyo maana Ishaka na mamake, Bi Mwanatabu, walitoka Likoni alfajiri, wakamchukua mzee, wakamlaza kiti cha nyuma. Ndipo ile taa ya njano yenye umbo la injini ikawaka kwenye dashibodi, na gari likaanza kuishiwa nguvu. Siku hiyo, kama mnavyokumbuka, matatu zilikuwa zimegoma.

Haya, tuendelee.

"Kanyaga, mwanangu," Bi Mwanatabu alisema.

"Nimekanyaga, mama."

"Kanyaga tena."

"Mama, mguu umefika chini. Hakuna pengine pa kukanyaga."

Nyuma yao moshi mweusi ulikuwa ukitoka kama wa jiko la kuni mbichi. Mtu wa mkokoteni wa maji akawapita, akawapungia mkono. Mwanaharamu yule.

"Tumefika?" Mzee Tsuma akauliza kutoka nyuma.

"Bado, Ami."

"Naona tumesimama."

"Hatujasimama, Ami. Tunakwenda."

"Kwa mwendo huu nitakufa kabla ya kuapishwa."

Ishaka alipoona kibao cha gereji alilisukuma gari kwa kiuno chake, kama kwamba kiuno kingesaidia, likaingia pale na kukohoa. Gereji yenyewe ilikuwa uwanja tu, magari mabovu mawili na Ngowa, Mgiriama mrefu mwenye ovaroli iliyosahau rangi yake.

"Mwenehu, ndugu yangu, vipi?"

"Ngowa, niokoe. Nahitajika mahakamani saa tatu. Gari halina nguvu na taa imewaka."

Ngowa hakuitazama taa. Alifungua boneti, akanusa.

"Petroli. Umetiliwa mafuta ya taa."

"Nilijaza juzi, likaenda vizuri."

"Ndivyo yanavyofanya. Yanakungoja uyazoee."

Akafungua paipu ya mafuta, akaipuliza kwa mdomo, akatema. Akatoa plagi, nyeusi tititi, akazisugua kwa msasa moja moja huku akipiga mluzi. Ishaka alikuwa akizunguka gari kama mtu anayetafuta mlango wa kuingilia. Kila gari lililopita alilikimbilia barabarani, akalipungia. Teksi zote zilijaa watu waliokosa matatu. Pikapu moja ilisimama, lakini mzee wa kulazwa nani atamkalisha juu ya magunia ya nazi?

"Washa!" Ngowa akaamuru.

Ishaka akawasha. Injini ikaitika vizuri. Akakanyaga mafuta, ikashuka sauti, ikakohoa, moshi ukatoka. Taa ya njano ikamtazama vilevile.

"Basi nitaiondoa hiyo taa," Ngowa akasema.

"Utaiondoa vipi?"

"Nitatoa balbu. Taa ndiyo inayokutia wasiwasi."

"Ngowa, ukitoa balbu gari litapanda daraja la Nyali?"

Ngowa akafikiri. "Hilo ni jambo jingine."

Msicheke. Mafundi wetu wamelelewa na kabureta. Walijua kuisikiliza, kuipuliza, kuitukana. Kisha bandari ikaanza kutumwagia magari ya Japani yenye kompyuta, na mtu mzima anasimama mbele ya injini kama bwana harusi aliyekosea nyumba. Ishaka mwenyewe ndiye aliyelitoa gari lake pale bandarini mwaka wa tisini na tano, akalisifia mtaa mzima kwamba halina kabureta. Sasa alitamani angekuwa na kabureta hata ya kuazima.

Alikaa chini kwenye tairi kuukuu, akashika kichwa.

"Ya Rabbi, nimekosa nini?" akasema, na hakuona haya kulisema mbele ya watu.

Ndipo Kamau akaja. Kamau ni fundi wa waya, mtu wa bara aliyeshuka Mombasa akaoa Kisauni na hakurudi tena kwao. Alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Alichungulia dashibodi, akachungulia injini, akacheka.

"Ngowa, hii umeisugulia plagi ya nini? Hii iko na kompyuta. Huwa inaongea."

"Inaongea lugha gani?" Ngowa akauliza kwa hasira.

"Wewe ngoja tu."

Kamau akaweka kikombe juu ya betri. Akafungua kijisanduku cheusi kando ya injini, akakata kipande cha waya, akakiingiza kwenye matundu mawili. Kisha akazungusha ufunguo bila kuwasha. Ile taa ya njano ikaanza kupepesa. Ikapepesa, ikanyamaza, ikapepesa tena.

"Subhanallah," Mzee Tsuma akasema nyuma. Alikuwa ameinua shingo kama kobe. "Yasemaje?"

Kamau alikuwa akihesabu kwa midomo. "Inalia hewa, mzee. Inasema haijui inavuta hewa kiasi gani. Kuna kitu kimeziba pale mahali inapumulia."

Ishaka akasimama. Matumaini yakampanda ghafla hata kichwa kikamzunguka. "Kama ni hewa tu si rahisi?"

"Rahisi sana. Tunafungua eya-klina, hapo inapochujia hewa."

"Hapo pasifunguliwe," Bi Mwanatabu akasema.

Wote wakageuka. Alikuwa amesimama kando ya mlango, buibui ameishika kwa mikono miwili chini ya kidevu.

"Kwa nini, mama?"

"Vumbi litaingia."

"Mama, ndiyo kazi yake hiyo. Kuzuia vumbi."

"Mie nasema tu. Nendeni mkatafute gari jingine."

"Gari jingine liko wapi, mama? Saa mbili imekwisha pita!"

Kamau hakungoja. Akabandua vibano vya kisanduku cha eya-klina kwa kidole gumba, akainua kifuniko, akatoa chujio, akatia mkono ndani. Mkono ukasimama. Akainama kutazama.

"Ehe," akasema. "Njooni muone maajabu."

Mdomoni mwa bomba linalopeleka hewa kwenye injini kulikuwa na kifurushi cha kitambaa chekundu, kikubwa kama ngumi ya mtoto, kimefungwa kwa kamba ya makumbi ya nazi. Injini ilikuwa imekivuta mpaka kikabana kile kibati kidogo kinachopima hewa, kisiweze kufunguka wala kufungika.

Ngowa akarudi nyuma, akafuta mikono kwenye ovaroli. "Mie sikigusi."

"Kibwana!" Ishaka akapiga kelele mpaka watu wa kibanda cha chai wakageuka. "Mnaona? Mnaona alivyo? Hakutosheka kukata minazi yetu, hakutosheka kuleta wapimaji usiku. Amekuja kuniloga mpaka ndani ya gari! Leo mahakamani nitakitupa hiki mbele ya hakimu, na wallahi nitamshika shingo!"

"Ishaka."

"Naam, mama. Umeona?"

"Si Kibwana," Bi Mwanatabu akasema. Aliitazama miguu yake. "Ni mimi."

Ishaka hakuelewa. Alimtazama mamake kama anayemwona mara ya kwanza.

"Nilikwenda kwa mganga. Ndiyo, nilikwenda, unitazame upendavyo. Nilisema, shahidi wetu ni mmoja, njia ni ndefu, na Kibwana ana jicho baya. Akanipa hiyo kinga. Akaniambia niitie pale gari linapovutia pumzi."

"Mama."

"Mie n'tajua wapi gari lavuta pumzi? Nikakuuliza. Hukumbuki? Ulikuwa walipangusa, nikakuuliza gari lapumua wapi, ukafurahi, ukanifungulia ukanionyesha. Jana ulipokwenda kusali alasiri nikatia."

Ishaka alikumbuka. Alikuwa amefurahi kweli, kwamba mamake, mwanamke wa Bofu asiyejua hata kufungua mlango wa gari, ameanza kupenda mambo ya injini.

"Na lilipoanza kushindwa huko njiani, kwa nini hukusema?"

"Nilidhani ni husuda ya Kibwana yapigana na dawa yetu. Nikasema, dawa itashinda, tungoje."

Ishaka alitaka kucheka, cheko halikutoka. Alitaka kulia, akaona watu ni wengi. Alimshika mamake bega, akaliachilia.

Kamau, ambaye hakuwa na mganga wala muda, alichukua plaizi akakivuta kile kifurushi. Kikatoka kwa shida. Akakichezesha kile kibati kwa kidole, kikafunguka na kufungika. Akarudisha chujio, akafunga vibano, akachomoa ule waya.

"Washa."

Injini ikanguruma. Ishaka akakanyaga mafuta, na gari likapiga kelele kama zamani, kelele safi. Moshi ukatoka kidogo, ukaisha. Taa ya njano ikazimika.

"Allahu akbar!" Ishaka akashuka akamkumbatia Kamau, akamkumbatia Ngowa pia, ambaye hakuwa amefanya lolote ila kusugua plagi. Bi Mwanatabu akapiga kigelegele kimoja kifupi, akaziba mdomo kwa haya. Saa tatu haijafika. Daraja liko pale. Mjini ni mwendo mdogo tu ng'ambo yake. Jamani, nani hangefurahi?

"Nionyesheni hicho kilichotoka," Mzee Tsuma akasema.

"Si kitu, Ami. Twende."

"Nionyesheni."

Kamau akakipitisha dirishani kwa plaizi. Mzee Tsuma alikitazama kile kitambaa chekundu. Aliitazama ile kamba ya makumbi, vifundo vyake vilivyopandana. Uso wake ukabadilika rangi mbele ya macho yao.

"Hiki ni kiraho," akasema.

Kwa wasiojua, kiraho ni dawa ya kiapo ya wazee. Anayeapa uongo karibu nayo, husemwa, tumbo humvimba na mwezi haumalizi.

"Nishusheni. Nishusheni garini! Mwanatabu!"

"Abee, shemeji."

"Umenipakiza na kiraho tangu Kiembeni? Nimekilalia njia nzima? Ulikuwa wajua!"

"Nilikuwa najua nini, shemeji?"

Mzee Tsuma alishika kiti cha mbele kwa mkono mmoja, na mkono mwingine alikuwa akijipapasa tumbo.

"Kwamba sikuwapo," akasema. "Ulikuwa wajua kwamba sikuwapo."

Ngowa akainama kutafuta spana ambayo haikuanguka.

"Hukuwapo wapi, Ami?" Ishaka akauliza.

"Siku ya kuuzwa shamba. Hakuna siku hiyo, mwanangu. Shamba halikuuzwa. Babake Kibwana alimkaribisha babako, akamwambia lima, jenga, ule na wanao. Basi. Babako alipokuwa kitandani mwisho wake alinishika mkono huu. Akaniambia, Tsuma, nikifa watakuja kuwatoa wanangu. Sema uliona likiuzwa. Nikamwambia nitasema."

"Umekuwa ukilisema hilo tangu baba azikwe."

"Nililisema mpaka nikakaribia kuliamini."

Na nyinyi mlioniandikia wiki zote hizi mkimlaani Kibwana, mkamwombea upofu na ukoma, kaeni chini tupumue pamoja. Mimi nilimlaani kuliko nyinyi.

Ishaka aliegemea gari. Injini ilikuwa bado inanguruma kwa upole, na mtetemo wake ulikuwa ukimpanda mgongoni. Alihisi kwamba kitu fulani ndani yake kimeng'oka, na hakujua kama kinaweza kurudishwa.

"Ulikuwa uende ukaape kwa Msahafu, Ami."

"Mungu nilikwisha kumwomba msamaha. Yeye ni mwingi wa rehema." Mzee alikionyesha kile kitambaa kwa kidevu. "Hicho hakina rehema."

Bi Mwanatabu akashtuka kama aliyemwagiwa maji.

"Shemeji, hicho si kiraho! Ni kinga. Kinga ya husuda tu, nimekwenda kuichukua kwa mkono wangu."

"Utasema hivyo sasa."

"Wallahi!"

"Usiape karibu nacho, mwanamke!"

Mzee Tsuma akageuka, akamtafuta Ishaka kwa macho yake yenye ukungu.

"Mwanangu, weye umesoma, na hujapata kunidanganya tangu utoto. Niambie. Hicho ni kiraho ama ni kinga? Kikiwa kinga, twende, nitimize ahadi ya babako, na nitamlilia Mungu wangu baadaye. Kikiwa kiraho, twende pia. Lakini nitasema ninayoyajua, na mnisamehe."

Mamake alimtazama mwanawe, na macho yale yalikuwa yakimwomba kuliko maneno. Ishaka aliwafikiria dada zake, ambao asubuhi ile walimpikia mahamri ya njiani na kumwambia asirudi bila shamba. Aliwafikiria watoto. Aliufikiria mlango wa nyumba ukipigwa teke na askari, na vyombo vikitupwa juani, na mamake, katika umri huu, akiomba chumba kwa watu.

Na akisema ni kinga angekuwa anasema kweli. Hilo ndilo lililomwumiza. Kifurushi kile kilikuwa kinga tu. Kweli yake ingempeleka mzee kusema uongo, na uongo wake ungemfanya mzee aseme kweli. Wewe msomaji ungesema nini? Usijibu upesi.

"Ni kinga, Ami," Ishaka akasema.

Mzee Tsuma akashusha pumzi ndefu, akajilaza. "Alhamdulillahi. Basi twende."

Ngowa akafunga boneti bila kumtazama mtu. Kamau, aliyewahi kuchukua kikombe chake juu ya betri, akanywa chai iliyopoa, akasema tu, "Nendeni salama."

Gari likatoka pale kama lililotukanwa. Likapita Kisauni, likapita Kongowea, likaanza kupanda daraja bila kusita. Injini iliitika kila ilipoguswa. Tangu alitoe bandarini, Ishaka hakupata kuliona likienda vizuri hivyo.

Nyuma, Mzee Tsuma alikuwa akijifunza maneno yake kwa sauti ya chini.

"Nilikuwapo. Nilikuwapo siku hiyo, mheshimiwa, tulikuwa watu wanne."

"Sema ilikuwa baada ya mvua za masika," Bi Mwanatabu akamwambia. "Wakili alisema mtu akikumbuka mvua huaminiwa."

"Ilikuwa baada ya mvua za masika. Babake Kibwana akasema, shamba hili tangu leo..."

"Nimekuuzia."

"Tangu leo nimekuuzia. Mbele ya hawa."

Ishaka alimsikia mamake. Alikuwa akisahihisha kwa sauti ileile aliyomfundishia Ishaka Alhamdu, pole pole, neno kwa neno, bila kukosea. Mtu hawezi kusahihisha uongo kwa ufundi ule ikiwa amejua leo tu kwamba ni uongo. Akauona ukweli mwingine ukikaa pale kwenye kioo cha kutazamia nyuma, na akatamani asingekuwa na kioo. Mamake alijua. Alijua tangu mwanzo.

Gari likaanza kupunguza mwendo katikati ya daraja. Lori nyuma likapiga honi.

"Ishaka, lina nini tena?" Bi Mwanatabu akauliza kwa hofu. "Taa imewaka?"

"Haijawaka, mama."

"Kanyaga basi, mwanangu. Saa tatu yafika. Kanyaga!"

Ishaka akalisogeza ukingoni, akavuta breki ya mkono. Mguu wake ulikuwa umetoka kwenye mafuta zamani.

"Gari halina kitu, mama," akasema, na akazima injini.